Mti Kukatwa Ili Mwingine Unenepe

Njombe na Mufindi, shamba la misindano ndiyo benki ya mwananchi. Ada ya shule ikibana, miti inauzwa hata kabla ya miaka 10. Mnunuzi halalamiki.

Wataalamu hufundisha kupanda mita 3 kwa 3, yaani miche kama 450 kwa ekari, kupogoa matawi ya chini ili mbao zisijae vifundo, kisha kupunguza miti dhaifu. Hapo kwenye kupunguza ndipo mzee mwenye shamba hugoma: akate mti alioupanda mwenyewe? Namwelewa. Lakini miti iliyobanana hugombea maji na mwanga, ikabaki myembamba kama fito.

Semina ya ukumbini haitamshawishi. Maofisa misitu, mpelekeni kwenye shamba la jirani lililopunguzwa, mmpe tepu, apime shina kwa mkono wake.