Daftari Lililo Wazi Kwenye Kaunta

Haya ni mazungumzo ya Afisa Habari wa Kaunti mbele ya wamiliki na wahudumu wa kliniki ndogo za kibinafsi. Tunayachapisha kwa ombi la waliohudhuria.

 

Mimi si daktari, wala si fundi wa kompyuta. Nilisomea uanahabari. Kazi yangu ya kila siku ni kutoa habari, na leo nimeombwa niwaeleze jinsi ya kuzizuia zisitoke. Nilipopewa mada hii nilicheka kidogo. Kisha nikakumbuka kisa kimoja, nikakubali.

Kabla ya kuja ofisi hii nilikuwa mwandishi na mpiga picha mahali pengine. Siku moja nilitumwa kwenye kituo kidogo cha afya kupiga picha za wageni waliokuja kukabidhi vitanda. Picha ilitoka vizuri: mgeni anatabasamu, muuguzi anatabasamu, kaunta imepanguswa ikang'aa. Jioni tukaiweka kwenye ukurasa wetu wa Facebook. Kesho yake asubuhi simu ya ofisi ililia. Mama mmoja, kwa sauti ya chini sana, aliniuliza, "Ni wewe uliyepiga ile picha? Basi ikuze uone. Mimi ni wa mstari wa 4."

Niliikuza. Kando ya mkono wa mgeni kulikuwa na daftari la kliniki ya wajawazito, MOH 405, limefunguliwa. Nyote hapa mnalijua: jina, kijiji, umri, mimba ya ngapi, kisha matokeo ya vipimo, kile cha HIV kikiwemo. Kamera za siku hizi ni kali. Kila neno lilisomeka.

Tuliiondoa picha dakika hiyo hiyo, lakini wifi yake alikuwa ameshaiona. Mama yule hakurudi tena kwenye kituo kile, ambacho kilikuwa mwendo wa dakika 10 kutoka nyumbani kwake. Akawa anapanda matatu mbili kwenda mji mwingine ambako hajulikani, na mimba ilikuwa ya miezi 7. Nilimwomba radhi. Alinijibu tu, "Sawa," akakata simu.

Nimeanza na hayo kwa sababu tukisikia "ulinzi wa data" tunamfikiria kijana aliyejifungia chumbani akidukua kompyuta za benki. Wapo, nao ni hatari. Lakini katika kliniki ya vyumba vitatu mtaani, siri ya mgonjwa hutoka kwa njia za kawaida kabisa: kaunta, simu na pipa la taka. Na ikishatoka, anayeumia kwanza ni yule aliyekuwa akitafuta matibabu. Anaacha kuja, au anakuja na kukuficha ukweli, nawe unamwandikia dawa kwa kubahatisha.

Tuanze na kaunta. Mji wetu ni mdogo. Anayesubiri kwenye benchi ni jirani wa anayehudumiwa, au ni mwalimu wa mtoto wake. Sasa mhudumu anauliza kwa sauti ya kutosha kusikika hadi barabarani, "Umekuja kuchukua zile dawa zako za kila mwezi?" Hakuna ubaya moyoni mwake, anataka tu foleni isonge. Lakini benchi zima limesikia. Sogezeni benchi hatua chache kutoka kaunta. Washeni redio. Mgonjwa aandike jina lake kwenye kipande cha karatasi badala ya kulitamka, na maswali ya ugonjwa yaulizwe ndani, mlango ukiwa umefungwa. Daftari lifungwe kila mhudumu anapoinuka, hata kama anakwenda kuchukua chai tu. Skrini ya kompyuta igeuzwe isitazame mlango. Haya yote hayana gharama yoyote.

Kuna jambo la kaunta ambalo ni gumu zaidi, nalo ni simu inayoita. "Hallo, mimi ni mume wa fulani, matokeo yake yametoka?" Anayepokea anamjua fulani, anamjua na mume, anaona si vizuri kumjibu vibaya mtu mzima. Lakini sauti kwenye simu si kitambulisho. Tena hata akiwa ni mumewe kweli, matokeo ni ya mgonjwa. Vivyo hivyo mwajiri anayetaka kujua kama mfanyakazi wake alifika kweli: ukimjibu "ndiyo, alikuja" umeshatoa habari. Jibu ni moja kwa wote, kwa heshima: "Samahani, hatutoi habari za mgonjwa kwa simu. Mwambie mwenyewe afike." Mkilisema kwa kila mtu, hakuna atakayeona amedharauliwa. Na kama mgonjwa mwenyewe alikubali kupigiwa, pigeni ninyi, kwa nambari iliyo kwenye faili yake.

Najua kuna WhatsApp pia. Tabibu anaona upele asioufahamu, mtaalamu wa ngozi yuko mbali, basi anapiga picha na kuituma kwa mwenzake amsaidie. Sitawaambia mwache, maana kuna wagonjwa waliopata nafuu kwa njia hiyo. Ila mwombeni mgonjwa ruhusa kwanza. Msitume jina, nambari ya faili wala uso. Mtumieni mtu mmoja mnayemjua, si kundi lenye watu mia mbili ambao nusu yao hamjui walivyoingia. Mkishapata jibu, liandikeni kwenye faili na mfute picha. Mkumbuke kwamba simu nyingi huhifadhi picha za WhatsApp zenyewe pamoja na picha za familia, na jioni mtoto anaomba simu ya baba atazame katuni.

Kwenye kompyuta ninayoiona mara kwa mara ni nenosiri moja la wafanyakazi wote, limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni mwa skrini. Mtu akifungua faili asiyopaswa kuifungua, hamwezi kujua ni nani. Mfanyakazi akiacha kazi, anaondoka na ufunguo wa nyumba. Kila mtu awe na lake, na siku anayoondoka lizimwe. Nakala ya akiba iwepo, lakini si kwenye flashi inayoning'inia kwenye funguo za pikipiki. Iwe na nenosiri, na ikae mahali pengine palipofungwa, kwa sababu mwizi au moto ukipita hauchagui. Usalama wa rekodi si kuficha tu. Mgonjwa wa kifua kikuu aliye mwezi wa nne katika tiba ya miezi sita, faili yake ikipotea, nani atajua ameshameza nini?

Sasa sheria, kwa ufupi, maana naona jua linapanda. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti. Wengi mmeniambia, "Sisi ni wadogo, sheria hiyo ni ya hospitali kubwa." Sivyo. Kanuni za usajili za mwaka 2021 ziliwasamehe wafanyabiashara wadogo wengi wasijisajili kwa Kamishna wa Data, lakini watoa huduma za afya hawamo katika msamaha huo, hata kama kliniki ina muuguzi mmoja. Rekodi zikiibiwa au kuvuja na kuna hatari ya mtu kudhurika, una saa 72 tangu ulipojua kumwarifu Kamishna, na wagonjwa wenyewe waarifiwe kwa maandishi. Wengine wakiibiwa kompyuta hunyamaza kwa aibu. Msinyamaze. Na mkitaka kulala usingizi, washeni ule uwezo wa kufunga diski nzima kwa nenosiri, ambao kompyuta nyingi za sasa zinao. Mwizi atauza chuma, hatauza majina.

Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ikitegemea kipi ni kidogo. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mimi na wapiga picha wenzangu tuliisoma habari hiyo tukatazamana.

Serikali nayo imefunzwa. Mwaka 2015 iliagizwa kukusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na HIV, na orodha ionyeshe majina. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo lile lilikiuka haki zao. Kwa hiyo nanyi, afisa yeyote, hata wa kaunti hii, akiwaomba majina ya wagonjwa kwa ujumbe wa simu, muulizeni ni ya nini na aandike barua. Ripoti za kila mwezi zinataka idadi, hazitaki majina. Magonjwa ambayo sheria inataka yaripotiwe yana njia zake rasmi, na mnazijua.

Nimalizie na pipa. Mwaka jana nilinunua mandazi mawili kando ya stendi, nikafungiwa kwa karatasi yenye jina la mtu, umri wake, na dawa alizoandikiwa. Mandazi yalikuwa matamu, lakini sikuweza kuyamaliza. Sijui ilitoka kliniki gani na sikuuliza. Karatasi ambazo muda wake wa kuhifadhiwa umekwisha zichomwe kwenye kichomea taka chenu, mmoja wenu akisimama hapo hadi ziwe majivu. Zisipewe mtu, zisiuzwe kwa kilo.

Wale ambao kliniki zao hazijasajiliwa kwa Kamishna, afisa wetu wa rekodi yuko kwenye meza ile ya kando ya mlango, ana kompyuta na ataanza nanyi sasa hivi, kabla ya chai. Mpiga picha wetu yupo pia. Nimemwambia meza hiyo asiipige.