Kipimo cha Upasuaji ni Mgonjwa, Si Mtambo



Wahenga waliacha methali mbili ambazo, zikisikiwa juu juu, huonekana kana kwamba zinagombana. Moja husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Ya pili huonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Katika historia ya upasuaji wa tumbo kwa njia ya matundu madogo, na sasa kwa msaada wa roboti, methali zote mbili zimethibitika kuwa za kweli, na kila moja iliposahauliwa, aliyelipa gharama ni mgonjwa.

Kwa miaka mingi, daktari mpasuaji aliyetaka kukifikia kiungo kilichougua ndani ya tumbo hakuwa na njia ila kulipasua tumbo kwa mkato mrefu. Mkato huo wenyewe ulikuwa kama ugonjwa wa pili. Ulileta maumivu makali, pengine usaha, pengine ngiri, na kumweka mtu kitandani siku nyingi akiwa hawezi kulima, kufundisha wala kubeba mtoto. Mara nyingi njia ya kuingilia ilimtesa mgonjwa kuliko kile kilichotolewa.

Upasuaji wa matundu madogo umekuja kuupunguza mzigo huo. Daktari hutoboa tumbo mahali patatu au panne, kila tundu likiwa na upana wa milimita chache tu. Hewa ya kaboni dayoksaidi huingizwa ili ukuta wa tumbo uinuke kama turubai la hema na kuacha nafasi ya kufanyia kazi. Katika tundu moja hupitishwa bomba jembamba lenye taa na kamera. Katika mengine hupitishwa mikasi na koleo ndefu. Daktari haangalii tena ndani ya jeraha, bali hutazama kioo cha televisheni, na mikono yake hufuata kile anachokiona hapo.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1901 Georg Kelling wa Ujerumani alichungulia ndani ya tumbo la mbwa kwa bomba la namna hiyo, na mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Sweden akaeleza jinsi alivyofanya hivyo kwa binadamu. Hata hivyo, kwa miongo mingi chombo hicho kilitumika zaidi kuangalia ugonjwa kuliko kuutibu, na waliokizoea zaidi walikuwa madaktari wa magonjwa ya akina mama.

Mmoja wao alikuwa Kurt Semm wa mji wa Kiel, Ujerumani. Mwaka 1980 alikitoa kidole tumbo cha mgonjwa bila kulipasua tumbo. Badala ya kupongezwa, alibezwa. Kiongozi wa chama cha wapasuaji wa nchi hiyo alipendekeza hata asimamishwe kazi ya udaktari. Miaka mitano baadaye, tarehe 12 Septemba 1985, Erich Mühe wa mji wa Böblingen, katika nchi hiyo hiyo, alitoa mfuko wa nyongo kwa njia ya tundu. Alipoieleza kazi yake mbele ya wapasuaji wenzake mwaka 1986, naye hakupokewa vema. Baadaye mgonjwa wake mmoja alifariki, yeye akashtakiwa, na hakuondolewa lawama hadi mwaka 1990. Mwaka 1992 chama kile kile cha wapasuaji kilimtunukia heshima kwa kazi ile ile. Mgeni alikuwa amefika mlangoni na dawa mkononi, na wenyeji wakamfungia mlango.

Lakini hadithi haiishii hapo, na anayeishia hapo hujifunza nusu ya somo. Baada ya Philippe Mouret wa Lyon, Ufaransa, kuutoa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo mwaka 1987, habari zilienea upesi. Wagonjwa walianza kuidai njia mpya, na madaktari waliochelea kuachwa nyuma waliikimbilia, baadhi yao wakiwa na mafunzo ya siku chache tu. Matokeo yake yalikuwa machungu. Katika upasuaji wa zamani, mrija mkuu wa nyongo ulijeruhiwa kwa mgonjwa mmoja au wawili katika kila 1,000. Katika miaka ya kwanza ya njia mpya, idadi hiyo ilifikia wagonjwa watano hivi katika 1,000. Jeraha la mrija huo si jambo dogo. Laweza kumtia mtu katika ugonjwa wa ini maisha yake yote. Mwaka 1992 wakuu wa afya wa jimbo la New York, Marekani, walilazimika kutoa mwongozo kwamba daktari asiifanye kazi hiyo peke yake kabla ya kuifanya mara 15 chini ya msimamizi. Hapo ilikuwa zamu ya methali ya pili: mbacha ulitupwa kabla msala haujakaguliwa.

Tangu hapo utafiti umechukua nafasi ya mabishano. Wengi walihofu kwamba kuitoa saratani ya utumbo mpana kupitia tundu dogo kungeweza kuusambaza ugonjwa. Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 872 katika hospitali 48, waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya njia mbili. Baada ya miaka mitatu, saratani ilikuwa imerudi kwa asilimia 16 ya waliotobolewa, na asilimia 18 ya waliopasuliwa kwa mkato mrefu. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kuhesabiwa. Hofu ile ikatulia, na njia mpya ikapata haki yake.

Kumbe ushindi katika kiungo kimoja si ruhusa katika kiungo kingine. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mwingine, safari hii wa akina mama 631 wenye saratani changa ya mlango wa kizazi. Baada ya miaka minne na nusu, waliopasuliwa kwa mkato wa kawaida na kuishi bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 96.5. Kwa waliofanyiwa upasuaji wa matundu madogo, wengine kwa roboti, walikuwa asilimia 86. Njia iliyoacha kovu dogo ndiyo iliyorudisha saratani zaidi. Kabla ya hapo, upasuaji huo ulikuwa umekwisha kuenea katika hospitali kubwa za dunia, kwa kudhaniwa tu kwamba kilichofaa kwingine kingefaa na hapo.

Sasa lifikiriwe jambo la roboti, ambalo jina lake hupotosha wengi. Roboti ya hospitali haijifanyii maamuzi. Daktari huketi hatua chache kutoka kwa mgonjwa, akitazama picha yenye kina na kushika vishikio. Mtambo huyapeleka mapito ya mikono yake kwenye mikono ya chuma, ukichuja mtetemeko na kuvipinda vyombo kama kifundo cha mkono kipindavyo. Mwaka 2000 serikali ya Marekani iliruhusu mtambo uitwao da Vinci utumike katika upasuaji wa tumbo. Tarehe 7 Septemba 2001, Jacques Marescaux aliketi New York na kuutoa mfuko wa nyongo wa mama mmoja aliyelala Strasbourg, Ufaransa, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Hapana shaka lilikuwa jambo la ajabu.

Lakini ajabu si ushahidi. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 471 wa saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kutoka nchi 10. Kwa waliofanyiwa upasuaji wa matundu bila roboti, asilimia 12.2 ilibidi hatimaye wapasuliwe kwa mkato mrefu. Kwa wale wa roboti, asilimia 8.1. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba si bahati tu, na gharama ya roboti ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walieleza jinsi mtambo wao ulivyounganisha utumbo wa nguruwe kwa kiasi kikubwa bila kuongozwa na mkono wa mtu. Hiyo ni hatua kubwa ya elimu. Lakini ni hatua ya maabara, na ipokewe kwa jina hilo.

Wakati huo huo, tume ya wataalamu iliyochapisha ripoti yake katika jarida la Lancet mwaka 2015 ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji ulio salama kwa gharama wanayoimudu. Swali kubwa basi si nani ana mtambo mpya kuliko wote, bali elimu hii itawafikiaje watu hao.

Jibu moja limetoka Mongolia, nchi ya wafugaji walioishi mbali mbali. Mwaka 2005 ni asilimia 2 tu ya upasuaji wa mfuko wa nyongo nchini humo iliyofanywa kwa matundu madogo. Mwaka 2013 ilikuwa asilimia 62. Siri yao haikuwa roboti. Walifundishwa madaktari na wauguzi pamoja, kikosi kwa kikosi, na mafunzo yakapelekwa hadi hospitali za mikoani. Jibu lingine limetoka India, ambako Tehemton Udwadia alianza kutumia bomba la kuchungulia tumbo mjini Mumbai mwaka 1972. Katika vijiji vya kaskazini mashariki ya nchi hiyo, wapo wapasuaji wanaouinua ukuta wa tumbo kwa chuma maalumu badala ya hewa, na kumchoma mgonjwa ganzi ya uti wa mgongo badala ya kumlaza usingizi kamili. Ni njia iendayo na hali ya mahali.

Ndugu walimu na watumishi wa umma, ninyi ndio mnaoulizwa na wazazi, majirani na wanafunzi habari hizi zinaposomwa. Itakapotangazwa kwamba hospitali fulani imepata mtambo mpya, furaha iwepo, na maswali yawepo. Nani amefunzwa kuutumia, na amefanya mara ngapi chini ya msimamizi? Ukiharibika, nani atautengeneza? Kwa ugonjwa huu hasa, utafiti umeonyesha nini? Na mgonjwa aliyetibiwa mwaka jana yu hali gani leo?

Semm na Mühe walidhulumiwa kwa sababu maswali hayo hayakuulizwa kwa haki. Wagonjwa waliokatwa mirija ya nyongo, na akina mama ambao saratani iliwarudia, waliumia kwa sababu hayakuulizwa mapema. Mgeni na akaribishwe. Na kabla ya mbacha kukunjwa, msala wake ukaguliwe.