Kibuyu cha Pablo Casals
Maneno ya walimu wa shule za kambi katika sherehe ya Siku ya Wakimbizi Duniani



Kamati imetuomba sisi walimu tuseme neno juu ya muziki, nasi tunashukuru kwa heshima hiyo. Tunajua jua ni kali na wacheza ngoma wanasubiri zamu yao. Lakini kuna jambo lililotusukuma. Katika kikao cha wazazi cha muhula uliopita, baba mmoja alisimama akauliza kwa nini shule yenye zamu mbili, yenye watoto wanaokaa chini, inatumia saa mbili kila juma kwa nyimbo na zeze. Akasema mtoto hali nyimbo. Wengi walimpigia makofi. Yule baba hakusema kwa dharau. Alisema siku chache baada ya mgao kupunguzwa, na kila mtu alimwelewa. Tangu siku ile tumelifikiri swali lake, na tumeona tulijibu kwa kueleza habari za mtu aliyekuwa mwanamuziki mkubwa na mkimbizi pia.

Jina lake ni Pablo Casals. Wenyeji wa kwao, Wakatalani wa Hispania, humwita Pau. Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1876 katika mji mdogo wa El Vendrell, na baba yake alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, mtu wa kipato kidogo. Casals alikuja kusifiwa dunia nzima kwa kupiga selo, yaani ile fidla kubwa inayowekwa kati ya magoti na kupigwa kwa upinde. Lakini selo yake ya kwanza ilikuwa kibuyu. Baba yake alimtengenezea ala ya kibuyu chenye uzi mmoja, na mtoto akaipiga nyimbo alizofundishwa nyumbani. Alikitunza kibuyu kile mpaka uzeeni. Ndugu zetu Warundi hawatashangaa, kwa maana umuduri nao una kibuyu chake, na wazee wetu wa Kivu wanajua ala iliyochongwa nyumbani inavyoweza kunyamazisha watu.

Alipokuwa na miaka 11 alisikia selo halisi kwa mara ya kwanza, na tangu hapo hakutaka kingine. Hapo ukazuka ugomvi ambao wazazi waliopo hapa wataufahamu upesi. Baba alitaka mtoto ajifunze useremala, kazi yenye mkate wa hakika. Mama alisema mtoto ana kipaji na lazima afundishwe. Mama akashinda, akamchukua mpaka Barcelona mwaka 1888. Kule kijana alijifunza mchana na usiku akapiga muziki mgahawani ili apate riziki. Kwa hiyo tusifikiri kwamba aliwekewa meza tayari.

Mwaka 1890, akiwa na miaka 13, aliingia na baba yake katika duka la karatasi za zamani za muziki, akakuta suiti sita za selo peke yake zilizotungwa na Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyefariki mwaka 1750. Watu walikuwa wakiziona kama mazoezi ya vidole tu. Hakuna aliyezipiga nzima mbele ya watu. Casals alizichukua nyumbani akazifanyia kazi kila siku, na ikapita miaka 12 kabla hajathubutu kuipiga mojawapo hadharani. Vijana, tunaomba mkae kidogo na hesabu hiyo. Sisi hapa tunafundisha wimbo Jumatatu na kuutaka jukwaani Jumapili.

Alikuwa pia mwanafunzi msumbufu kwa namna iliyo njema. Wakati ule wanafunzi wa selo walibanishwa kitabu kwapani ili mkono wa upinde usiachane na ubavu. Yeye aliona upuuzi huo unamfunga mpigaji kama kuku aliyefungwa mbawa. Akauachia mkono, akabadili pia namna vidole vya kushoto vinavyonyooka juu ya nyuzi, na leo wapigaji wengi wanafuata njia hiyo. Sisi walimu tunaisema habari hii kwa tahadhari, maana kesho tutaambiwa kwamba kila kanuni ya darasani ni kitabu cha kwapani.

Alipopita miaka 90 alimsimulia mwandishi Albert Kahn maisha yake, na kitabu kikatoka mwaka 1970. Humo hakujisifu sana. Alikiri kwamba hofu ya jukwaa haikumwacha maisha yake yote. Alieleza kwamba mwaka 1901 huko California jiwe liliporomoka mlimani likamponda mkono wa kushoto, na wazo lake la kwanza lilikuwa kumshukuru Mungu kwamba hatalazimika kupiga selo tena. Akaeleza wazo hilo lilikotoka: mtu aliyejitoa kwa kazi hii anabeba mzigo usiotuliwa. Mkono ulipona, akaendelea. Pia alisema kwamba kwa miaka 80 alianza kila asubuhi kwa kupiga vipande vya Bach kwenye piano kabla ya jambo lolote. Kwake haikuwa desturi ya kujionyesha. Ilikuwa kama mtu anayefagia ua na kufungua madirisha.

Sasa tufike kwenye vita. Mwaka 1920 alikuwa ameanzisha okestra huko Barcelona kwa fedha zake mwenyewe, na baadaye chama cha wafanyakazi ili watu wa viwandani wasikilize muziki kwa kiingilio kidogo. Tarehe 18 Julai 1936 okestra hiyo pamoja na kwaya walikuwa wakijiandaa na Simfonia ya Tisa ya Beethoven. Kabla ya sehemu ya mwisho, ile yenye kwaya, ukaletwa ujumbe: wanajeshi wameasi, mji utashambuliwa, tawanyikeni. Casals aliwasomea, akawauliza kama wanataka kuondoka mara moja au kumaliza kipande. Wakasema tumalize. Wakaimba mpaka mwisho, kisha wakaaga na kwenda makwao, na nje watu walikuwa tayari wakijenga vizuizi barabarani. Wengi wetu hapa tunakumbuka siku kama hiyo: darasa lilikuwa likiendelea, ibada ilikuwa ikiendelea, na mtu akaingia na habari.

Casals mwenyewe alisimulia kwamba jenerali mmoja wa upande wa Franco alitangaza redioni kuwa akimkamata atamkata mikono kwenye viwiko.

Mwanzoni mwa 1939 Catalonia ilianguka, na watu karibu nusu milioni walivuka mpaka kuingia Ufaransa katika majuma machache ya baridi kali. Walipelekwa katika kambi za Argelès-sur-Mer, Saint-Cyprien na Le Barcarès, kwenye mchanga wa pwani, ndani ya seng'enge. Mwanzoni hapakuwa na vibanda. Watu walichimba mashimo mchangani ili wajikinge na upepo. Wageni wetu wa mashirika watakumbuka kwamba UNHCR ilikuwa bado haijazaliwa. Iliundwa mwezi Desemba 1950.

Hapa lazima tuwe wakweli. Casals hakulala mchangani. Alikuwa na jina na marafiki, akakaa Prades, mji mdogo wa milimani karibu na mpaka, kwanza hotelini na baadaye katika nyumba. Kwa hiyo hatumleti hapa kama mtu aliyepanga foleni ya mgao. Tunamleta kwa sababu angeweza kwenda Marekani na kusahau, wala hakwenda. Alizitembelea kambi zile. Akaandika barua kwa marafiki wa nchi nyingi kuomba fedha, nguo na chakula, akawajibu kwa mkono wake wakimbizi waliomwandikia, akapiga muziki ili mapato yaende kwao. Wajerumani walipoikalia Ufaransa walimwendea wakimtaka akapige kwao. Alisema ana baridi yabisi.

Vita vya dunia vilipokwisha mwaka 1945 alitumaini kwamba mataifa yaliyoshinda yatamwondoa Franco. Hayakumwondoa. Casals akaweka upinde chini: hatapiga hadharani katika nchi inayoukubali utawala ule. Kwa mpigaji, kunyamaza ni sadaka kubwa, na wapo waliomwona mkaidi. Sisi wenyewe tumebishana jambo hili katika chumba cha walimu. Mwenzetu mmoja anasema msanii angepiga ili watu wakumbuke. Mwingine anasema ukimya wake ndio uliokumbukwa. Hatujakubaliana. Lakini mwaka 1950, ilipotimia miaka 200 tangu Bach afariki, wanamuziki wakubwa walimfuata yeye Prades, wakapiga naye katika kanisa la mji ule. Aliyekataa kwenda aliendewa.

Tarehe 24 Oktoba 1971, akiwa na miaka 94, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Akapiga wimbo wa asili wa Wakatalani uitwao Wimbo wa Ndege, akasema ndege wa kwao wanapoimba wanaitaja amani. Aliupiga wimbo huo kila mara tangu alipokimbia. Alifariki Puerto Rico, nchi aliyozaliwa mama yake, tarehe 22 Oktoba 1973. Franco alifariki Novemba 1975. Mifupa ya Casals ilirudishwa El Vendrell mwaka 1979.

Tunajua mnachofikiri wazee wetu. Alisubiri miaka 34, akakosa miwili. Hatuna neno la kulainisha hilo, na leo hatutatafuta.

Tuseme tu kwamba katika miaka hiyo hakuacha kufundisha, na alitunga. Huko Prades, katika giza la vita, alianza oratorio ya kuzaliwa kwa Yesu juu ya shairi la mkimbizi mwenzake, Joan Alavedra. Ilipigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960.

Na asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Kinshasa iko okestra ya simfonia ya Wakimbanguisti, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amepoteza kazi. Walianza na fidla chache wakipokezana, na uzi ulipokatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Baadhi ya ala walizichonga wenyewe. Nao wanampiga Beethoven huyo huyo.

Baba yule aliyeuliza, tunamwambia kwa heshima: ni kweli, mtoto hali nyimbo. Na saa mbili hizo hatuombi zitolewe kwenye hesabu wala kusoma. Tumekubaliana na mwalimu mkuu zihamishwe baada ya zamu ya mchana, na sisi tutakaa bila posho ya ziada. Kwa mashirika tunaomba nyuzi, ngozi mbili za ngoma na taa moja.

Mazoezi yataanza Jumatatu saa kumi jioni, darasa la nne. Mwenye kibuyu aje nacho, ila kiwe kimekauka vizuri, maana kibichi hupasuka.