VITI VYA MIANZI VISITUPWE MAPEMA

(Mazungumzo yetu na vikundi vya akina mama na vijana)

Leo tumekuja na kiti. Wengine mnacheka, lakini hiki ndicho mwalimu wetu.

Miaka kadhaa iliyopita tulinunua viti sita vya mianzi. Kila vilipochakaa tulivipaka vanishi, tukajisifu kwamba tumevitunza. Siku moja mzee mmoja, mgeni wetu, aliketi, mguu ukavunjika, naye akaanguka mbele ya watu. Jamani, aibu tuliyoipata! Tulipoutazama mguu ule, nje unang'aa, ndani ni unga mtupu.

Ganda la nje la mwanzi ni gumu. Wadudu hupendelea kuingilia kwenye ncha zilizokatwa na upande wa ndani, wakifuata wanga. Sisi tulikuwa tunapaka nje tu. Kwa hivyo kabla ya kununua vanishi, pindua kiti. Ukiona vitundu vidogo, kigonge unga wa zamani utoke, pangusa, halafu tandika gazeti chini yake kwa wiki moja. Unga mpya ukionekana, basi wadudu wangali hai.

Sisi hutumia boraksi iliyoyeyushwa katika maji ya moto. Ikipoa tunaitia vitunduni kwa bomba la sindano, na kuipaka kwenye ncha zote mara kadhaa. Tafadhali, iwekwe mbali na watoto na vyombo vya chakula. Boraksi huoshwa na maji, kwa hivyo kiti hicho kisiachwe mvuani. Kikishakauka kabisa, hapo sasa paka vanishi, na ncha zisisahauliwe.

Adui wa pili ni maji ya sakafuni. Si mnajua tunavyomwaga maji tukipiga deki! Miguu hunyonya maji yale ikaoza kutoka chini. Inua viti kwanza, na chini ya kila mguu funga kipande cha tairi kuukuu. Mguu ulioanza kuoza ukatwe mpaka penye mwanzi mzima, ikiwezekana chini kidogo ya fundo, maana pale mwanzi umejiziba wenyewe. Kisha mingine yote ilinganishwe nao.

Tena, msipigilie msumari ovyo. Nyuzi za mwanzi zimelala upande mmoja, kwa hivyo msumari huupasua kama kuni. Toboa kwanza kwa keekee, halafu tia kijiti cha mbao ngumu. Mwanzi uliopasuka utie gundi, uukaze kwa mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka gundi ishike. Kiungo kilicholegea kifunge kwa ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe uliolowekwa majini. Ukikauka hujikaza wenyewe, na kwa maoni yetu unashinda waya, ambao hupata kutu na kukwaruza nguo.

Lakini mguu uliokwisha kuliwa ndani hauponi. Huo ubadilishwe, hata kama unapendeza kwa macho. Sisi tulichelewa, na aliyeumia kiuno ni mzee wa watu.

Hiki hapa ndicho kiti chenyewe. Mguu mpya ni huu wenye rangi tofauti. Njooni mbele wawili wawili mkipindue, mtuonyeshe vitundu viko wapi.