Nyumba Yetu Nayo ni Darasa

(Mada iliyotolewa na wazazi wawili katika kikao cha wazazi, Ihanda, Karagwe)



Tulipoombwa kuzungumza juu ya furaha ya kuwafundisha watoto nyumbani tulisita, maana sisi si walimu. Ni wakulima wa ndizi, maharage na kahawa kama wengi wenu. Tumekuja kushuhudia tu yaliyotokea nyumbani kwetu, yakiwemo yale tunayoyaonea aibu.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatumhimizi mtu yeyote amtoe mtoto wake shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na kuhakikisha anahudhuria. Aidha, tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia awali hadi kidato cha nne. Shule ni baraka, na tunawaheshimu walimu. Tunachosema ni kwamba mtoto akirudi nyumbani saa kumi jioni, elimu yake haijafungwa na kufuli la mlango wa darasa.

Tulivyoanza

Mtakumbuka kwamba tarehe 17 Machi 2020 serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwanzoni zilitajwa siku 30. Baadaye muda uliongezwa, na shule za msingi na sekondari zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Hivyo tulikaa na watoto wetu wote wanne nyumbani kwa zaidi ya miezi mitatu: binti wa kidato cha kwanza, mvulana wa darasa la sita, mvulana wa darasa la tatu, na kitinda mimba wa miaka mitano.

Tukiri kosa letu la kwanza. Tuliposikia shule zimefungwa tulifurahi, tukasema Mungu ametuletea vibarua. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha, magugu yameota kwenye maharage, na migomba inahitaji kupunguziwa majani. Wiki mbili za kwanza watoto hawakushika daftari. Vipindi vya masomo vilitangazwa redioni, lakini redio yetu tuliiwasha wakati wa taarifa ya habari tu.

Siku tulipozinduka

Nyumbani kwetu tuna desturi ya ibada ya jioni baada ya chakula. Kwa miaka mingi baba ndiye aliyesoma Neno, wengine wakasikiliza. Wakati ule, kwa kuwa watoto walikuwepo wote, tukaamua kila mmoja asome mstari mmoja wa Zaburi.

Zamu ya yule wa darasa la tatu ilipofika, alisoma vizuri bila kukwama hata mahali pamoja. Tatizo ni kwamba mstari aliousoma ulikuwa ni wa jana yake. Kidole chake kilikuwa kwenye ukurasa wa siku hiyo, lakini mdomo ulikuwa unasema maneno aliyoyasikia kwa dada yake na kuyakariri. Mama akamwambia asome mstari unaofuata. Akanyamaza. Tukamwonyesha neno moja. Akanyamaza.

Mmoja wetu, yaani baba, alikasirika sana. Alimwita mtoto mvivu mbele ya wenzake, akainuka kutafuta fimbo. Mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Baba, mimi naziona zote zimefanana." Baba alirudi akakaa. Usiku ule hatukulala vizuri. Tulikuwa tumemnunulia sare, viatu na madaftari kwa miaka mitatu, na hata siku moja hatukuwa tumefungua daftari lake tukamwambia, "Hebu tusomee hapa." Darasa lake lilikuwa na watoto wengi mno, na mtoto mwenye akili ya kukariri anaweza kujificha katikati yao. Sisi tulikuwa na watoto wanne tu, na akajificha kwetu pia.

Baadaye tulikuja kufahamu kwamba hatukuwa peke yetu. Utafiti wa Uwezo uliofanyika nchini mwaka 2010 ulionyesha kuwa kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, ni takriban watatu tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliwekewa mkazo kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Lakini takwimu ni kitu kimoja, na mtoto wako aliyenyamaza mbele ya Zaburi ni kitu kingine.

Bibi na jani la mgomba

Asubuhi yake baba alimwomba mtoto msamaha. Ndugu zangu, kwa mwanaume wa hapa kwetu hilo si jambo jepesi, lakini tunashuhudia kwamba ndilo lililofungua mlango. Tangu siku ile mtoto hakuogopa tena kukosea mbele yetu.

Aliyetuokoa hasa ni bibi yao. Bibi alijifunza kusoma miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoanzishwa na Mwalimu Nyerere, akiwa na mtoto mgongoni. Aliposikia habari ya mjukuu wake hakushangaa wala hakulaumu. Alisema tu, "Mleteni kwangu shambani."

Bibi hakuwa na ubao wala chaki. Alikata jani la mgomba, akachukua mwiba, akaandika juu ya jani: ba, be, bi, bo, bu. Ninyi nyote mnajua kwamba jani la mgomba likikwaruzwa, baada ya muda mfupi mchoro hugeuka mweusi. Mtoto alipenda sana kungoja herufi zijitokeze. Kila siku walifanya silabi za herufi moja, si zaidi. Wakikosea wanalitupa jani shambani likawa mbolea, wanakata jingine. Hakuna alama nyekundu.

Katikati ya mwezi wa tano, tulipokuwa tunaanika kahawa, mtoto alisimama mbele ya gunia lenye maandishi akaanza: "Ka... ha... wa." Akarudia kwa haraka, "Kahawa!" Kisha akapiga kelele kama aliyeona nyoka: "Mama, limeandikwa kahawa!" Gunia lile lilikuwa limekaa pale nyumbani miaka mingi. Tuliacha kazi, tukamshukuru Mungu palepale kwenye uwanja wa kuanikia.

Furaha za kila siku

Tangu hapo tulianza kuona masomo kila mahali. Mkungu wa ndizi ukishuka, yule wa darasa la sita anahesabu vichana, anahesabu ndizi za kichana kimoja, anakisia jumla, kisha wote wanahesabu kuona kama amepatia. Kahawa ikipimwa, wanakokotoa kilo na bei, halafu wanatoa gharama za magunia na usafiri. Binti wa kidato cha kwanza alituonyesha kwamba msimu uliotangulia tulijumlisha vibaya, tukajidhania tumepata faida kumbe tumepata kidogo sana. Tulicheka, lakini tangu mwaka ule yeye ndiye mtunza daftari la mapato na matumizi ya nyumbani.

Historia tunafundisha njiani. Tukienda Omurushaka tunawasimulia habari za Mfalme Rumanyika wa Bweranyange, aliyewapokea wageni Speke na Grant mwaka 1861 walipokuwa wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Watoto wanauliza: Je, aliwapa chakula gani? Walizungumza kwa lugha gani? Tusipojua tunakwenda kwa wazee kuuliza, na wazee wanafurahi kuulizwa. Tumegundua kwamba mzazi akisema "sijui, twende tukaulize", heshima yake haipungui.

Usiku tunakaa jikoni, maharage yakichemka, tunategeana vitendawili, vingine kwa Kinyambo na vingine kwa Kiswahili. Jioni moja kitinda mimba wetu alitutegea cha kwake mwenyewe: "Mama yangu huzaa mara moja tu, akishazaa hukatwa." Tulihangaika, tukampa mji. Jibu lilikuwa mgomba! Mtoto wa miaka mitano alikuwa ametazama shamba la baba yake kuliko baba mwenyewe.

Kazi za nyumbani ni za nani?

Hapa tunaomba mtuvumilie. Tulipoanza kupanga muda wa kusoma, tuligundua kwamba wavulana wanakaa na vitabu huku binti akiteka maji, akimenya ndizi na kuosha vyombo. Akija kushika kitabu, taa ya sola imeshaanza kufifia. Tukajiuliza: kama kujifunza nyumbani ni baraka, mbona mmoja anailipia baraka ya wenzake?

Tukagawa kazi upya. Wavulana wakaanza kuteka maji na kumenya ndizi. Jirani mmoja alicheka akasema tunawageuza vijana kuwa mabinti. Hata bibi hakupenda mwanzoni. Baba akachukua kisu akakaa chini kumenya pamoja nao, na mjadala ukaishia hapo. Ndizi zake za kwanza zilitoka nyembamba kama penseli, lakini zililiwa. Kazi ikigawanywa inaisha mapema, na wote wanapata saa moja ya kusoma.

Shule zilipofunguliwa

Tarehe 29 Juni watoto walirudi shuleni. Tuliogopa kwamba tutarudia mazoea yetu ya zamani, kwa hiyo tuliendelea na mambo mawili: kila mtoto kusoma kwa sauti wakati wa ibada, na mzazi kufungua daftari mara moja kwa wiki. Vilevile tulikwenda kumwona mwalimu wa yule wa darasa la tatu, si kwa kulalamika bali kumweleza tulikofikia. Mwalimu alitupokea vizuri, akamhamishia mtoto dawati la mbele. Hakuwa mtoto wa kwanza darasani, na bado si msomaji wa haraka. Lakini alihitimu darasa la saba mwaka 2024, na mwaka 2025 akaanza kidato cha kwanza.

Mambo tunayopendekeza

1. Jua kama mtoto wako anasoma kweli. Mpe maneno ambayo hajawahi kuyasikia. Usitosheke na ripoti ya muhula.

2. Tenga muda mfupi lakini wa kila siku. Nusu saa kila jioni ni bora kuliko siku nzima mara moja kwa mwezi.

3. Mzazi usiyejua kusoma, usijitoe. Keti karibu na mtoto, mwambie akusomee. Kuna wazee na ndugu wanaojua, waombeni.

4. Kazi za shamba na za jiko ziwe somo, zisiwe adhabu, na zigawanywe kwa wavulana na wasichana.

5. Usimpige wala kumdhihaki mtoto anayeshindwa kusoma. Mtoto mwenye hofu hujificha, na akijificha hutamwona.

Hitimisho

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, wazazi wanaagizwa kuwafundisha watoto maneno ya Mungu wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Hakuna muda uliobaki nje ya hapo. Na Mtume Paulo anapomwandikia Timotheo, anaitaja imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Timotheo alianzia kwa bibi, kama mtoto wetu.

Tumalizie kwa habari ya bibi huyo. Siku hizi macho yake yamefifia, hawezi tena kusoma maandishi madogo. Kila Jumapili jioni mjukuu wake akiwa nyumbani huchukua Biblia ya bibi na kumsomea polepole, kidole kikifuata mstari. Pia humsomea maelekezo kwenye pakiti za dawa zake, asubuhi ngapi na jioni ngapi. Wakati mwingine akikwama kwenye neno refu, bibi humwambia, "Ligawanye kama tulivyofanya kwenye jani." Naye huligawanya, akaendelea.

Ndugu wazazi, leo jioni mkifika nyumbani, kabla hamjalala, mwombeni mtoto mmoja awasomee mstari mmoja tu, na msikilize.