Baridi Yabisi si Ugonjwa Mmoja

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetupa nafasi tuseme machache juu ya maradhi ya viungo. Sisi si madaktari. Kazi yetu ni daftari. Lakini daftari la Mfuko wa Wagonjwa nalo lina mafundisho yake. Mtu wa homa huja kuomba msaada siku ya tatu. Mtu wa viungo huja baada ya miaka, vidole vimekwisha kupinda, naye hawezi tena kufunga vifungo vya shati lake.

Sababu moja ya kuchelewa huko ni jina. Kila maumivu ya magoti, mikono au nyonga twayaita baridi yabisi, na kwa kuwa jina lenyewe lataja baridi, twalaumu baridi ya Julai na umande wa shambani. Baridi yaweza kuzidisha maumivu, lakini siyo iletayo maradhi. Tena chini ya jina hilo moja mna maradhi mengi. Madaktari huyahesabu zaidi ya 100.

Yaliyo mengi kwa wazee ni yale ya kulika kwa gegedu, yaani ule utelezi mgumu unaofunika ncha za mifupa ili isisagane. Goti huuma mtu akipanda mlima na hupoa akipumzika, na asubuhi hulegea upesi, kwa kawaida kabla ya nusu saa. Hakuna dawa ya kurudisha gegedu, lakini mazoezi ya misuli ya paja husaidia sana, na kupunguza uzito pia, na fimbo. Fimbo hiyo hushikwa kwa mkono wa upande wa pili, si upande wa goti linalouma, jambo ambalo wengi wetu hulikosea.

Jongo ni jingine. Huzuka ghafula usiku, mara nyingi katika kidole gumba cha mguu, hata shuka likigusa ni mateso. Chanzo chake ni asidi ya yuriki iliyozidi mwilini na kuganda kama chembe za chumvi ndani ya kiungo. Nyama nyingi na pombe huichochea. Wazee watuwie radhi kwa kulisema hili kabla ya chakula.

Lakini ugonjwa uliotufanya tuombe nafasi hii ni ule madaktari wauitao rumatoidi. Huu hautokani na uzee. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hugeuka wakaushambulia utando wa ndani ya viungo. Utando huvimba, gegedu na mfupa huliwa, na kiungo hupinda. Huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume, na wengi huanza wakiwa bado katika umri wa kazi. Vifundo vidogo vya vidole huvimba mikono yote miwili, na asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Mama msusi wa viondo ashindwaye kushika uzi mpaka jua lipande, majuma sita mfululizo, asiambiwe kwamba anazeeka.

Kwa ugonjwa huu iko dawa, nayo haitulizi maumivu tu bali huzuia uharibifu. Iliyo ya kwanza ni methotreksati. Humezwa mara moja kwa juma, wala si kila siku, kwani kila siku yaweza kuua. Damu hupimwa mara kwa mara, na mwenye mimba haimfai kabisa. Madaktari hutaka matibabu yaanze katika miezi mitatu ya kwanza, kwa maana mfupa ulioliwa haurudi.

Mwaka 1948 Daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimpa mgonjwa wa rumatoidi kotisoni, na baada ya siku chache aliyeshindwa kutembea akatembea. Mwaka 1950 yeye na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Baadaye madhara yakaonekana: mifupa kudhoofika, sukari ya damu kupanda, uso kuvimba. Dawa za jamii hiyo zingali zikitumiwa hospitalini, kwa kipimo. Vidonge visivyo na jina viuzwavyo sokoni, vimwinuavyo mgonjwa kwa siku moja, twavitilia shaka kubwa.

Madaktari bingwa wa viungo ni wachache katika Kenya, na wengi wako Nairobi. Njia ni kuanza kituo cha afya, kisha hospitali ya kaunti, na kupata barua ya rufani kwenda hospitali kubwa kama Kenyatta. Ila kiungo kimoja kikivimba ghafula pamoja na homa, asingoje barua wala kesho.

Sasa twaja kwenye kanuni zetu. Mfuko hutoa fedha mwanachama akilazwa. Mgonjwa wa viungo halazwi. Yeye huhitaji nauli, na malipo ya kupimwa damu na kupigwa picha, tena mapema. Wako wasemao kwamba kila mwenye goti bovu atadai nauli ya Nairobi, na hofu hiyo ina haki yake. Kwa hiyo twapendekeza Mfuko ulipe kwa yule tu aliye na barua ya hospitali ya kaunti yenye kumpeleka kwa daktari bingwa, pasipo sharti la kulazwa. Azimio limekwisha kuandikwa, nalo liko mezani pa Bwana Mwenyekiti.