Punje za Mahindi na Sheria za Kugawanya



Jambo tutakalolisema ni dogo kwa sura, lakini faida yake ni kubwa: jinsi ya kuwasaidia watoto wetu wa miaka 12 au 13 kujua, kabla ya kugawanya, kama namba yagawanyika bila baki.

Sisi makarani hatuna haki ya kulidharau. Katika afisi moja tuliyofanyia kazi, vitabu viwili vilitofautiana kwa shilingi 63, na tarishi aliyezichukua fedha akaanza kutazamwa kwa jicho la wizi. Mmoja wetu akasema, "63 yagawanyika kwa 9, na tuangalie kwanza kama hatukugeuza tarakimu." Tukatafuta, tukaona 4,592 imeandikwa 4,529. Maana tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana mahali, tofauti haikosi kugawanyika kwa 9. Hiyo ilikuwa dalili tu, wala si ushahidi. Lakini ilitupeleka kwenye kosa letu wenyewe, na mtu yule akaokoka na aibu.

Basi tuwafundisheje? Wengi wetu tuliambiwa, "Jumlisha tarakimu, jumla ikigawanyika kwa 9, na namba hugawanyika." Tukakariri kama kasuku, na mtihani ulipokwisha tukasahau. Afadhali mtoto apewe punje za mahindi. Ahesabu 10, aondoe 9: imebaki 1. Ahesabu 100, aondoe 99, yaani mafungu 11 ya tisa tisa: imebaki 1 tena. Kisha mwulizeni habari za 234. Mamia mawili yamemwachia punje 2, makumi matatu punje 3, na mamoja ni 4. Jumla ni 9. Basi 234 yagawanyika, nayo yatoa 26. Na kwa kuwa kila 9 ni tatu tatu, njia hiyo hiyo yafaa kwa 3.

Kwa 4, mwonyesheni ya kwamba 100 ni 25 mara nne. Kwa hiyo mamia hayana neno, atazame tarakimu mbili za mwisho tu. 1,316 yagawanyika, kwa sababu 16 yagawanyika. Kwa 6, sharti namba igawanyike kwa 2 na kwa 3 pia. Lakini asidhani ya kwamba kugawanyika kwa 2 na kwa 4 kwatosha kwa 8, kwani 12 yamkanusha.

Ndugu zetu, tusitangulize sheria mbele ya sababu. Mtoto aliyeiona sababu kwa macho yake, hata akiisahau sheria, ataitengeneza tena mwenyewe. Robo saa ya jioni na konzi ya mahindi si gharama kwa mzazi yeyote. Haba na haba hujaza kibaba. Na huenda siku moja hisabu ya mtoto huyo ikamtetea asiye na mtetezi.